Dhahabu Yetu na Njaa ya El Fasher

Ndugu msomaji, ukienda buchani huitoi fedha yako mpaka umejua nani amechinja. Ukiwa mgeni mjini unauliza mara mbili, na ukiona muuzaji anababaika unaondoka, hata kama nyumbani kuna wageni na chungu kiko motoni. Sisi tunaokaa huku Geita na Shinyanga, ambako mabucha ni ya kila namna na Waislamu hatukuwa wengi, jambo hili tunalishika kwa meno kuliko nyinyi wa pwani. Ni tabia njema, wala siidharau. Lakini mtu huyo huyo akiingia kwa sonara na mahari ya mkwewe mfukoni, haulizi ila mambo mawili: karati ngapi, na bei gani. Bangili haikuchinjwa, basi yeye anadhani haina damu.

Mimi nasema ina damu. Nasema kwamba lile swali la buchani latupasa kuliuliza dukani kwa sonara, tena kwa ukali zaidi, na kwamba kunyamaza kwetu kumewalisha watu waliouzingira mji wa Waislamu kwa muda wa miezi 18, mpaka wenyeji wake wakala chakula cha ng'ombe. Mji huo ni El Fasher, katika nchi ya Darfur, Sudan.

El Fasher si kijiji cha jangwani kisichojulikana. Tangu mwisho wa karne ya 18 ulikuwa makao ya masultani wa Darfur, na wa mwisho wao, Sultan Ali Dinar, aliuawa na majeshi ya Waingereza mwezi wa Novemba 1916 baada ya kukataa kuinama. Watu wa huko husifiwa na Wasudani wenzao kwa wingi wa mahufadhi wa Qur'ani. Na Sudan yenyewe si nchi ya mbali kwetu. Vijana wetu wangapi wametoka vyuoni mwetu wakaenda Khartoum kusoma katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika? Vita vilipozuka Aprili 2023, Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, walirudishwa nyumbani kwa ndege, na pwani nzima ikashukuru. Ilikuwa haki kushukuru. Ila tulipokwisha kuwapokea watoto wetu tulifunga mlango, na waliobaki kule nyuma tukawasahau.

Vita hivyo vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Tazama kalenda yako: ilikuwa Ramadhani, mwezi 24, katika kumi la mwisho, wakati Waislamu wa dunia nzima wanautafuta usiku wa Lailatul Qadri. Upande mmoja ni jeshi la serikali chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Upande wa pili ni wanamgambo waitwao Vikosi vya Msaada wa Haraka, ambao magazeti huwaita RSF, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kwa jina la Hemedti. Usidhani walikuwa maadui wa siku nyingi. Oktoba 2021 wawili hawa waliipindua pamoja serikali iliyokuwamo raia, wakala sahani moja. Na hao wanamgambo hawakushuka kutoka mbinguni. Chimbuko lao ni Janjaweed, wapanda farasi na ngamia waliopewa silaha na serikali ya Omar al-Bashir baada ya mwaka 2003 ili wawapige watu wa Darfur walioasi. Mwaka 2013 wakapewa jina hili jipya, na mwaka 2017 bunge likawatungia sheria. Jeshi lilipochoka kupigana lenyewe, liliajiri watu wa kupigana kwa niaba yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hapa nitasimama kidogo, maana wasomaji wa Kisukuma na Kinyamwezi wataniuliza: je, na sisi hatukuwa na mgambo wetu? Tulikuwa nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe na majambazi wenye bunduki walipozidi Kahama na Shinyanga, wanakijiji walishika pinde na mishale, wakajiita Sungusungu. Hawakuwa malaika: kuna vikongwe waliofukuzwa na kuteswa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, yaliyoungua kwa moshi wa samadi ya ng'ombe jikoni. Lakini Sungusungu walikuwa watoto wa kijiji kile kile walichokilinda, silaha yao ilikuwa mshale, na mwaka 1989 serikali ikawaingiza ndani ya sheria ya mgambo. Hawakupewa mgodi. Neno hili ulishike, msomaji, maana ndilo ufunguo wa mambo: Sungusungu hawakupewa mgodi, na Hemedti alikuwa nao.

Dhahabu iligunduliwa Jebel Amer, Darfur ya Kaskazini, mwaka 2012. Mwanzo wa mwaka uliofuata makabila mawili ya Waarabu, wote Waislamu, yaliuana kwa ajili yake, wakafa watu kwa mamia. Mwaka 2017 Hemedti, ambaye maisha yake ya mwanzo yalikuwa biashara ya ngamia, akamkamata Musa Hilal, mkuu wa zamani wa Janjaweed aliyekuwa akiishika milima ile, na milima ikawa chini ya mkono wake. Ukoo wake ukawa na kampuni ya dhahabu iitwayo Al Junaid. Tangu siku hiyo wanamgambo hawakuhitaji tena kungoja mshahara wa serikali. Mtu mwenye askari na hana fedha atakuja kupatana nawe siku moja. Mwenye askari na ana dhahabu, wa nini apatane?

Sasa turudi El Fasher. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 wanamgambo walikwisha kuitwaa miji mikuu minne ya Darfur: Nyala, Zalingei, El Geneina na Ed Daein. Huko El Geneina waliwaua Wamasalit kwa maelfu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitaja makadirio ya watu baina ya 10,000 na 15,000 katika mji huo mmoja. Ukabaki El Fasher peke yake, wenye kambi ya Divisheni ya 6 ya jeshi, pamoja na waasi wa zamani wa Darfur waliokuwa wamejiunga na jeshi. Mwezi wa Mei 2024 mji ukazingirwa.

Wengi wetu tukisikia neno kuzingira tunafikiri habari za mashujaa, ngome na ngazi, kama tulivyosoma katika visa vya vita vya zamani. Ondoa picha hiyo. Kambi ya jeshi ilikuwa ndani ya mji, na mji ulikuwa umejaa wakimbizi wa vita vilivyotangulia. Ukiifungia kambi chakula umeufungia mji chakula. Tena askari ana bunduki, na jeshi lilikuwa likimdondoshea shehena kwa ndege. Mwenye bunduki hula wa kwanza. Mjane hana ndege, wala mtoto wa miaka miwili hana bunduki. Kwa hiyo husemi kweli ukisema kwamba wanamgambo waliwazingira askari. Waliwazingira akina mama, na askari walikuwamo ndani yao.

Barabara zilifungwa. Agosti 2024 njaa kubwa, ile inayotangazwa rasmi na wataalamu, ilithibitishwa katika kambi ya wakimbizi ya Zamzam iliyo karibu na mji. Aprili 2025 wanamgambo wakaivamia Zamzam yenyewe, na watu kwa mamia ya maelfu wakatawanyika, wengine kuelekea Tawila kwa miguu, wengine wakaingia ndani ya mji ule ule uliofungwa. Juni 2025 msafara wa malori ya chakula ya Umoja wa Mataifa ulishambuliwa ukiwa njiani, wakafa watu 5. Kisha wanamgambo wakaleta mitambo wakaanza kuchimba na kuinua tuta la udongo kuuzunguka mji, na mwishoni mwa Agosti 2025 picha za satelaiti zilizochunguzwa na Chuo Kikuu cha Yale zilionyesha tuta la kilomita 31. Kuna maana gani kujenga tuta? Askari haogopi tuta. Tuta ni la kumzuia mama aliyebeba mtoto mgongoni na gunia la mtama kichwani.

Ndani ya tuta hilo watoto walikuwa wapatao 130,000, kwa hesabu ya shirika la UNICEF. Walikula nini? Walikula ambaz. Wasudani huliita hivyo lile kapi linalobaki karanga zikishakamuliwa mafuta. Nyinyi wa Shinyanga mnalijua, maana pamba yenu ikishakamuliwa mbegu, mashudu yake mnawapa ng'ombe. Mashudu ndiyo yaliyokuwa daku na futari ya watu wa El Fasher, na baadaye hata hayo yakawa ya kutafuta kwa tochi.

Ijumaa ya tarehe 19 Septemba 2025, wakati wa sala ya alfajiri, ndege isiyo na rubani ililipiga bomu msikiti. Walikufa watu zaidi ya 70, na wanamgambo ndio waliotajwa kwa shambulio hilo. Wengine wetu asubuhi ile tulikuwa tukipiga mswaki kwenda kusali.

Tarehe 26 Oktoba 2025 wanamgambo wakaingia makao makuu ya Divisheni ya 6. Jenerali Burhan akatangaza kwamba jeshi limeondoka ili kuwaepusha raia na maangamizi zaidi. Wenye magari waliondoka. Siku mbili baadaye, katika hospitali ya uzazi iitwayo ya Saudia, waliuawa wagonjwa na watu waliowauguza zaidi ya 460, kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani. Wauaji wengine walijipiga picha wenyewe wakiua, wakazitangaza, kama mtu anavyopiga picha arusini. Wala haikuishia hapo: mwanzo wa Desemba wakatangaza kuiteka kambi ya Babanusa, Kordofan, nayo baada ya kuizingira muda mrefu.

Nimesikia kwa masikio yangu watu wenye ndevu ndefu kuliko zangu wakisema, "Hayo ni mambo ya Waarabu." Na wengine wakisema, "Hizo ni njama za Wazungu." Wa kwanza nitawajibu kwa upole: waliokufa wengi hawakuwa Waarabu, walikuwa Wafur, Wazaghawa na Wamasalit, weusi kama mimi, na waliuawa wakitukanwa kwa weusi wao. Wa pili sitawajibu kwa upole. Mzungu ana dhambi zake, nazo ni nyingi, lakini aliyefunga barabara ya mtama alikuwa akielekea kibla kile kile tunachoelekea sisi. Ukimtafutia Mzungu wa kumbebesha kila uovu wa Mwislamu, utakuwa umemfundisha Mwislamu kwamba yeye hana akili ya kutenda jambo, jema wala baya.

Na sisi tuna habari zetu wenyewe za mazingira ya namna hii, tunazisoma kila mwaka wakati wa Maulidi na hatuzisikii. Makureshi walipoandika mkataba wao wa kuwatenga Bani Hashim, wasiuziwe chakula wala wasiozwe, Mtume (S.A.W.) na jamaa zake walikaa miaka mitatu katika bonde la Abu Talib, watu wakala majani ya miti, na vilio vya watoto vikasikika Makka. Nani waliouvunja mkataba ule? Waliosimama ni watu watano wa Makureshi, na siku ile walikuwa bado hawajasilimu: Hisham bin Amr, Zuhair bin Abi Umayya, Mut'im bin Adi, Abul Bakhtari na Zam'a bin al-Aswad. Waliona haya kula na kuvaa huku jamaa zao wanakufa njaa. Hisham alikuwa akimpakia ngamia chakula usiku, anamfikisha mdomoni mwa bonde, anamtia fimbo aingie. Basi nauliza: washirikina watano wa Makka waliona haya, sisi tumezidiwa haya na washirikina?

Tena kuna kisa cha Thumama bin Uthal, mkuu wa Yamama, ambako Makka ilikuwa ikipata nafaka. Aliposilimu aliwaapia Makureshi kwamba haitawafikia hata punje ya ngano. Walikuwa maadui wa vita, wamewatoa Waislamu majumbani mwao. Walipoona njaa wakamwandikia Mtume (S.A.W.), naye akamwamrisha Thumama awaachie chakula chao. Hili ni kwa adui kafiri mwenye upanga mkononi. Na ukitaka Mwislamu kumzingira Mwislamu, soma habari za Sayyidna Uthman (R.A.) mwaka wa 35 wa Hijra, alipozingirwa nyumbani mwake Madina akanyimwa maji, naye ndiye aliyekuwa amekinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akawapa Waislamu wanywe bure. Fitina iliyotoka katika mlango ule hatujaifunga mpaka leo.

Sasa nije kwenye bangili. Oktoba 2025, mwezi ule ule El Fasher ulipoanguka, bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa aunsi moja kwa mara ya kwanza, yaani gramu 31 na kidogo. Bei ikipanda, mwenye mgodi huneemeka, awe mchaji Mungu au muuaji. Na dhahabu ya Sudan, kwa sehemu kubwa mno, imekuwa ikienda soko moja: Dubai. Si ya wanamgambo peke yao. Hata ile inayotoka upande wa jeshi imeuzwa huko huko, mahasimu wawili wakipishana katika soko moja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa katika taarifa yao ya Januari 2024 walisema kwamba madai ya silaha kupitishwa Chad kwa wanamgambo kutoka Falme za Kiarabu ni ya kuaminika, na serikali ya huko imekanusha mara nyingi. Januari 2025 Marekani ilimwekea Hemedti vikwazo pamoja na makampuni 7 yaliyoko katika Falme hizo, na wiki hiyo hiyo iliyofuata ikamwekea Burhan naye. Mimi si hakimu wa serikali za watu. Ila sihitaji hakimu kuniambia kwamba mali ikiporwa na kuuzwa, mnunuzi anayefumba macho ni mwenzake mporaji.

Utaniambia, "Sheikh, dhahabu haina jina. Ikiyeyushwa zote ni moja." Maneno haya nimeyasikia tangu nilipohamia huku, na husemwa zaidi na watu ambao hawajapata kuiona dhahabu ikizaliwa. Hapa Geita tunaiona. Kijana anashuka katika duara kwa kamba, mwamba unapandishwa kwa viroba, unasagwa karashani mpaka unakuwa unga, unga unaoshwa mwaloni kwa maji na zebaki, kisha zebaki inachomwa motoni, moshi wake ni sumu, pakabaki kitonge kidogo kama tende iliyokauka. Katika kila hatua hiyo yupo mtu anayejua kitonge ni cha nani. Mwenye duara anajua, mwenye karasha anajua, broka anajua, na mnunuzi wa broka anajua. Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini hapa mjini Geita, la kwanza nchini: mtu anakuja na mzigo wake, unapimwa, unaandikwa, mrabaha wa serikali unakatwa mbele yake, na anatoka na karatasi. Basi kumbe inawezekana kuandika! Dhahabu ina jina mpaka pale mtu fulani anapoamua kulifuta, naye halifuti bure, analipwa.

Sisemi kwamba duara zetu ni safi. Magendo yalikuwapo na wenye kuyapenda hawajafa. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliandika habari za watoto wanaoshuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono yao mitupu katika machimbo ya Tanzania, na mimi sikuhitaji kuisoma taarifa ile ili nijue, maana watoto hao nilikuwa nikiwakosa chuoni. Kwa hiyo swali langu ni kwa dhahabu zote, ya Sudan, ya Kongo na ya Geita. Anayeanza kuuliza habari za Sudan peke yake anaogopa kuulizwa habari za nyumbani.

Mwingine atasema, "Fedha yangu ni ya halali, nimeipata kwa jasho, nami sikujua." Hili ni neno la fiqhi, nalo lijibiwe kwa fiqhi. Asiyejua hana dhambi ya asichokijua, ni kweli. Lakini Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, amefungua mlango mzima juu ya lini mtu auulize mzigo wa sokoni umetoka wapi. Kwa jumla ya maneno yake, soko likiwa mali yake ya kawaida ni safi, huna haja ya kumchokoza muuzaji kwa maswali. Bali ikiwa imejulikana kwamba mali nyingi ya soko hilo imeporwa, kuuliza kunakuwa wajibu. Alijua kwamba majeshi hupora na wafanyabiashara hununua. Basi nakuuliza wewe mwenye kusema hukujua: leo umekwisha kujua. Kesho utasema nini?

Na nyinyi ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi, mna swali la ziada. Februari 2025 wanamgambo na washirika wao walikusanyika Nairobi, katika jumba la mikutano la Kenyatta, wakapokelewa kwa viti vya heshima, na mwezi huo huo wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Siku hizo El Fasher ilikuwa imezingirwa kwa miezi tisa. Serikali ya Kenya ilisema inatoa mahali pa kutafuta amani. Mwezi uliofuata Sudan ikapiga marufuku chai ya Kenya, na hapo ndipo kelele zilipotoka, kelele za chai. Wabunge wenu Waislamu wapo, mliwapigia kura, na huja misikitini kwenu kila uchaguzi na mchele na vitenge. Waulizeni walisema nini Februari ile. Mkiona wanababaika, mnajua la kufanya na mchinjaji anayebabaika.

Sasa bibi mwenye nyumba atasema, "Kwa hiyo mwanangu aolewe bila dhahabu?" La, mama yangu, sikusema hivyo, na sipendi watu wanaoharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewahalalishia wanawake. (Vijana wa kiume wanaovaa mikufu ya dhahabu nina neno nao, lakini siku nyingine.) Nasema mambo mepesi. Sandukuni mwako kuna vikuku vya bibi yako na herini za mama yako, vimelala toka wakati wa ujana wao. Mafundi sonara wa Unguja, Lamu, Mombasa na Tanga wanajua kuvunja kidani cha zamani wakafanya kipya, na kazi hiyo inawafia mikononi kwa sababu kila mtu anakimbilia cha Dubai. Kampe fundi. Dhahabu hiyo historia yake unaijua. Na ukiwa huna budi kununua kipya, muulize muuzaji: umenunua kwa nani, na karatasi yake iko wapi? Usione haya. Akikucheka, akikwambia hakuna mtu anayeuliza hayo, mwambie mimi nauliza, kisha uende duka la pili. Wateja kumi wakiuliza katika mtaa mmoja, wa kumi na moja atakuta karatasi iko juu ya meza. Mfanyabiashara namjua, hana ukaidi, anafuata mteja.

Kwa maimamu wenzangu: tumezitumia Ijumaa nyingi kugombana juu ya kuandama kwa mwezi. Nimegombana na mimi, na inshallah nitagombana tena. Lakini toka Mei 2024 mpaka Oktoba 2025 zilipita Ijumaa zaidi ya 70. Katika msikiti wako ni ngapi kati ya hizo uliitaja El Fasher, si katika dua ya mwisho, pamoja na kila mgonjwa na kila msafiri, bali katika khutba yenyewe?

Limebaki la zaka. Katika madhhebu yetu ya Imam Shafii, pambo la halali ambalo mwanamke analivaa halina zaka, na wengi wenu mmelishika neno hilo mkalala juu yake. Lakini ile dhahabu iliyowekwa kwa akiba, inayongoja bei ipande, vipande na sarafu zilizonunuliwa ili kukimbia kuanguka kwa shilingi, hiyo si pambo, ni mali, na ikifika gramu 85 na mwaka ukapita ina zaka, sehemu moja katika 40. Kwa gramu 85 ni gramu 2 na kidogo. Kwa bei iliyofikiwa mwezi ule El Fasher ilipoanguka, gramu mbili ni zaidi ya dola 250. Wasudani zaidi ya 800,000 walikuwa wamevuka kuingia Chad kufikia mwaka 2025, wengi wao kupitia mji wa mpakani wa Adré, na wengi wa hao ni wanawake na watoto wa Darfur waliofika bila cha kupika wala cha kupikia. Katika fungu lipi kati ya mafungu manane ya zaka hawaingii?